Msamaha Ambao Sikuutoa

Siku tuliyokwenda kuposa kule Sterling, Virginia, mwenyeji wangu ndiye aliyenivisha kanzu. Bega langu la kulia lilikuwa bado halipandi, kwa hiyo nilisimama katikati ya sebule yake pale Adelphi, Maryland, kama mtoto anayetayarishwa kwenda madrasa, mkono mmoja ndani ya kanzu na mwingine nje, naye akawa anaivuta nguo kidogo kidogo.

"Polepole," aliniambia. "Bega hilo tusije tukaliudhi."

Akanifunga kifungo cha shingoni, akaniweka kofia sawa, akarudi nyuma hatua moja kunitazama. "Haya. Sasa umekuwa mshenga."

Nilifurahi. Nasema hivyo kwa sababu baadaye mtu akinisikia nikimlalamikia anaweza kudhani nilikuwa nikimtilia shaka siku nyingi. Sikumtilia shaka hata kidogo. Alinichagua mimi, kati ya watu wote wa pwani walioko Maryland na Virginia, nikamposee mwanawe. Kwa mtu asiye na nyumba, asiye na mke wala mtoto, hiyo ilikuwa heshima ya kunitosha mwaka mzima.

Huyu ndiye aliyenipokea nilipokuja Washington. Mimi nimezaliwa Tanga, na tangu nilipomaliza sekondari miguu yangu haijatulia. Nilikaa Mombasa, nikavuka kwenda Maskati, nikapata bahati ya viza nikaishia Ohio, Ohio ikanishinda kwa baridi na upweke. Mtu fulani akanipa namba ya simu ya mtu asiyemjua vizuri. Nikapiga. Sauti ya Kimombasa ikaniuliza, "Wafika saa ngapi?" Hakuuliza mimi ni nani. Alinikuta kituo cha basi, akanipeleka Columbia Heights, chumba cha chini cha nyumba aliyopanga, akanipa ufunguo kabla hajajua nafanya kazi gani. Mkewe, Mzanzibari wa mtaa wa Ng'ambo, alikuwa amepika boko-boko. Usiku ule nililala nikisikia watu wakizungumza Kiswahili juu ya kichwa changu, kupitia mbao za sakafu, na sijawahi kulala vizuri vile tena.

Kodi zilipopanda wakahamia Adelphi, kwenye majengo ya ghorofa karibu na barabara ya University Boulevard, nami nikawafuata. Nikapata chumba jengo la pili. Dirisha la jikoni kwao linatazama uwanja tunaoegesha magari. Dirisha hilo ndilo lililoleta yote.

Kazi yangu ni kuwaendesha wazee wanaokwenda kusafishwa damu hospitali. Naanza mapema. Asubuhi moja ya vuli nilikuwa ndani ya gari langu, nimeshafunga mkanda, nangoja kioo kiachie ukungu, gari mbili zikaja zikanizuia mbele na nyuma. Wakatoka wanaume wenye vizibao vya kijeshi na nyuso zilizofunikwa. Hawakuwa polisi wa kaunti, hao tunawajua. Hawa walikuwa wa uhamiaji, wa serikali kuu. Mmoja akagonga kioo, akaniuliza nimezaliwa wapi. Nikashusha kioo nikasema, "Tanga." Akasema toka. Nikasema kadi yangu ya ukaazi iko kwenye begi, kiti cha nyuma. Akasema toka. Nikapeleka mkono kwenye mkanda nijifungue, na hapo mlango ukafunguliwa, nikavutwa kwa mkono wa kulia huku mkanda bado umenishika. Bega likalia. Nilisikia sauti yake kabla ya maumivu. Nikalazwa kifudifudi kwenye lami, goti mgongoni, na mtu akawa ananiambia niache kupigana.

Sikuwa napigana. Sijui hata ningepiganaje.

Kutoka juu nikasikia sauti ya mwanamke. "Huyo ana karatasi! Huyo ana karatasi zake!" Alikuwa shemeji yangu, mke wa mwenyeji, kwanza dirishani kisha chini kabisa, na kanga moja kichwani na moja kiunoni, anapiga kelele kwa Kiswahili kwa watu wasiojua neno hata moja. Wakanitia garini. Kiatu changu kimoja kikabaki pale.

Waliniachia mchana, baada ya mtu mmoja kufungua begi langu na kuona kile nilichokuwa nikiwaambia tangu asubuhi. Hakuna aliyesema pole. Kwenye maandishi yao, nilivyokuja kujua baadaye, nilikuwa nimekaidi amri na kumsukuma ofisa. Niliporudi, shemeji alikuwa amekiokota kiatu changu, amekiosha, amekianika juu ya joto la jikoni. Alinipa kikiwa bado na joto.

Wakati ule habari zilikuwa zimeenea kwamba jimbo limeanza kupokea malalamiko ya watu waliotendewa vibaya na maafisa wa serikali kuu. Kwenye simu za watu wetu ujumbe ulizunguka kwa Kiswahili kibovu, umetafsiriwa na mashine. Wengi waliucheka. Mzee mmoja Mkongo tunayesali naye aliniambia, "Ndugu, jimbo ni mtoto, serikali kuu ni baba. Mtoto atamfanya baba nini?" Nikamjibu kwamba angalau mtoto anaweza kusema alichokiona.

Nilikwenda. Ofisi ilikuwa ya kawaida, zulia la kijivu, mashine ya maji, na mama mmoja Mwamerika mweusi wa rika langu, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Hakunidanganya. Alinieleza tangu mwanzo kwamba jimbo haliwezi kumfukuza kazi ofisa wa serikali kuu, wala kumwadhibu, wala hata kumlazimisha aje kuhojiwa. Wanachoweza ni kusikiliza, kuandika, kuwauliza wakubwa wake kwa maandishi, na kama jambo ni zito kulipeleka kwa mawakili wa jimbo waone kama kuna njia. "Tunachohitaji," alisema, "ni sauti yako, na mtu aliyeona."

Nilichotaka hakikuwa kikubwa kuliko hicho. Walikuwa wameandika kwamba nilimsukuma mtu. Nilitaka pawe na mahali, hata kama ni kabati la jimbo dogo, ambapo maneno yangu yamewekwa kando ya maneno yao. Basi.

Na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo Mmarekani hawezi kulifanya. Sikwenda peke yangu. Nilikwenda na mwenyeji wangu, na yule mama aliponigeukia aniambie nianze, mimi nikamwonyesha yeye. "Atasema huyu."

Alishangaa. "Kiingereza chako ni kizuri. Mbona usiseme mwenyewe?"

Ningemwelezaje? Kwetu mtu hajisemei kwenye jambo zito. Ukiposa husemi. Ukiomba radhi kwa wakweo husemi. Hata ukidai haki yako unatafuta mtu mzima, mwenye ulimi, mwenye sura inayoheshimika, naye anakwenda na maneno yako mdomoni mwake. Anayejisemea anaonekana hana watu. Baba yangu, pale Tanga, alikuwa akiitwa mitaa yote kusemea watu. Mimi nilikuwa nampigia pasi kanzu. Kuja na msemaji ilikuwa ndiyo njia yangu ya kumwonyesha yule mama kwamba jambo hili si la mchezo na mimi si mtu wa kuokotwa.

Akanieleza kwamba naweza kumweka mwakilishi, inaruhusiwa, lakini nifahamu kuwa mwakilishi ndiye watakayempigia simu, ndiye atakayejibu, na anaweza hata kuamua jambo liendelee au lisimame. Akaniuliza kama nina hakika.

"Huyu ni mimi," nikasema.

Mwenyeji wangu akaanza. Akamshukuru kwa kutupokea. Akaishukuru Maryland. Akasema Marekani ni nchi nzuri na sisi ni watu wa amani, hatuna tabu na mtu. Kisha akasema kwamba asubuhi ile palitokea kutoelewana kidogo, na kijana wake akaumia kidogo bega. Mimi nilikaa pale nikimsikiliza kwa fahari, kwa sababu hivyo ndivyo inavyofanywa. Msemaji huanza chini. Anapunguza, anapunguza, mpaka yule wa pili anaona haya, naye anapanda mwenyewe kusema la, hilo si dogo. Lakini yule mama hakuwa mtu wa kwetu. Aliandika "kidogo" kama alivyoisikia, akangoja neno linalofuata.

Nilifikiri yatarekebishika. Ilikuwa mara ya kwanza tu, na ukubwa wa jambo angekuja kuupandisha shahidi.

Baridi ikaja, ikatukalia, ikaondoka. Kila nilipokwenda kwao kunywa chai nilimuuliza, "Vipi ile habari yetu?" Naye, bila kuondoa macho kwenye televisheni: "Waishughulikia. Serikali haikimbizwi." Au: "Wasema wamewaandikia wenzao, wangoja majibu." Mara moja aliniambia yule mama ameniulizia bega langu, nikaguswa sana. Shemeji alikuwa akiniletea chapati na mchuzi, anaweka, anarudi jikoni. Zamani alikuwa akikaa nasi, ananitania kwamba nitazeeka nikiosha mabati ya gari badala ya kuoa. Nikadhani anaumwa. Kijana wao, yule wa kuposewa, alikuwa akipita kuelekea chumbani. Nikimsalimu kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, kwa adabu, bila kusimama.

Basi tukafika siku ya posa. Gari ni langu. Mwenyeji kakaa mbele, shemeji na shangazi wa bwana harusi wako nyuma na sinia limefunikwa kitambaa: halua, udi, doti ya kanga, na saa ya mkononi ya binti. Shangazi ni dada mkubwa wa mwenyeji, mwanamke asiyejua kunong'ona.

"Wewe mshenga," ananiambia tangu tuko barabara ya mzunguko, "usiende huko ukatutajia Tanga. Watadhani twaja kuposea wavuvi."

"Shangazi, Tanga tuna bandari na reli."

"Reli ya kwenda wapi? Kama ni nzuri mbona uliikimbia?"

Tulikuwa tunacheka. Nilikuwa nikirudia kimoyomoyo salamu nitakazoanza nazo. Tumeingia Virginia, barabara imefunguka, ndipo simu yangu ikalia, na kwa vile ilikuwa imeunganishwa na gari, ilipopokelewa sauti ikajaa gari zima.

Alikuwa mama wa ofisi ya jimbo. Akajitambulisha, akaniuliza kama ni wakati mzuri. Nikasema niko barabarani lakini namsikia. Akasema hatanichelewesha. Kwa kawaida angempigia mwakilishi wangu, lakini wanayapeleka ghalani mafaili yaliyofungwa, na la kwangu limemkaa moyoni, akaona anisikie mimi mwenyewe mara moja. Mwakilishi wangu alikuwa amewaarifu kwamba nimesamehe, sina kinyongo na yeyote, na sitaki jambo liendelee. Kama ndivyo, anafurahi kwa ajili yangu. Alitaka tu kuhakikisha.

Nikamuuliza mwakilishi alisema hivyo lini.

Kabla ya baridi kwisha, akasema.

Hesabu hiyo haikuhitaji karatasi. Chai zote zile. Nikamwambia asante, nitamtafuta. Simu ikakatika, na muziki uliokuwa ukipigwa chini chini ukarudi, taarabu ya harusi.

Hakuna aliyeuliza nani huyo. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba walijua wote. Mtu akisikia habari mpya ndani ya gari anageuka, anauliza, anasema "eeh?" Hawa walikaa kama watu wanaongoja mvua ipite.

"Nimesamehe lini?" nikauliza.

"Endesha gari," mwenyeji akasema. "Tutazungumza tukirudi."

"Nakuuliza, kaka. Nimesamehe lini?"

Shangazi akadakia kutoka nyuma. "Sasa kijana, watu wako na posa yao, wewe una bega lako. Bega litakimbia?"

"Shangazi, niache nizungumze na kaka."

"Nani kakufunga mdomo? Twakwambia kuna wakati."

Mwenyeji akazima muziki. Alikuwa anatazama mbele, mikono juu ya mapaja, kanzu yake nyeupe imenyooka. "Walinipigia," akasema. "Wakasema jambo lako laweza kwenda mbele, lakini hawana shahidi. Wamtaka aliyeona. Sasa nikuulize wewe. Aliyeona ni nani?"

Kwenye kioo nilimwona shemeji ameinamisha uso juu ya sinia.

"Karatasi zake za ukaazi ziko kwa hao hao serikali kuu," akaendelea. "Twangoja wamjibu mpaka tumechoka. Nimchukue mke wangu nimkalishe mbele ya ofisi, aseme jina lake, aseme akaa wapi, aseme nimewaona maafisa wenu wakifanya hivi na hivi? Wewe ungefanya?"

"Ungeniambia."

"Ningalikwambia ungesema nini?"

"Ningesema mwache asiende."

"Basi si ndivyo nilivyofanya?"

Na ni kweli. Ningesema mwache. Ningelibeba mwenyewe bila shahidi, na lingekuwa jambo jepesi, lakini lingekuwepo. Yeye hakumwondoa shahidi peke yake. Aliniondoa mimi.

"Hukuwaambia shahidi hayupo," nikasema. "Umewaambia nimesamehe. Umekwenda na mdomo wangu ukawasamehe watu walionitegua bega. Halafu nikawa nakuja kwako, unanimiminia chai, unaniambia yule mama ameniulizia."

"Nilitaka usivunjike moyo."

Shemeji akasema neno moja tu safari ile. "Shemeji..." Mumewe akamwambia anyamaze, akanyamaza.

Tukapita yale majengo makubwa ya Sterling yasiyo na madirisha, wanamohifadhi kompyuta za dunia nzima, moja baada ya jingine. Niliendesha kwa mkono wa kushoto. Nilifikiria kugeuza gari. Nilifikiria kulisimamisha kando, kuwaachia funguo na kuondoka kwa miguu nilivyo, na kanzu yangu. Hilo ndilo nimelifanya maisha yangu yote: mahali pakiniuma, naondoka. Lakini kijana yule hakuwa na kosa, na binti alikuwa ameshapambwa anangoja, na mimi nilikuwa nimekubali kubeba maneno ya watu. Anayekubali kubeba maneno huyafikisha. Baba yangu hakunifundisha kitu kingine kilicho wazi kama hicho.

Tulipokewa vizuri. Nyumba ilikuwa imejaa, viatu mlangoni, harufu ya pilau hadi barabarani. Msemaji wa upande wa binti alikuwa mzee mmoja mcheshi wa Dar es Salaam, tumbo mbele.

"Wageni hawa wamepotea," akawaambia watu wake. "Uwanja wa ndege uko kule, mabwana. Hapa ni nyumbani kwa watu."

"Tulikuwa tunakwenda uwanjani," nikamjibu, "tukasikia harufu ya ua kutoka ndani ya nyumba hii, usukani ukagoma."

Watu wakacheka, wanawake wakapiga vigelegele. Nikasema yote niliyotumwa kusema, kwa mpangilio wake, sikupunguza na sikuongeza. Nikamweleza kijana, kazi yake, sala yake, utulivu wake. Niliulizwa maswali nikayajibu. Mwenyeji wangu alikuwa amekaa kulia kwangu kimya, kama mila inavyotaka, maana siku ile yeye alikuwa hana ulimi. Ulimi wake ulikuwa mimi. Ningeweza kumfanya nilivyotaka mbele ya ukumbi ule.

Kisha likaja swali linaloulizwa kila posa, swali la kupita tu. "Na baba wa kijana," mzee akasema, "ni mtu wa namna gani? Wewe unamjua, sisi hatumjui."

Jibu lake linajulikana. Unasema ni mtu mwema, mkweli, mwaminifu, neno lake ni neno. Hata watoto wanaosikiliza mlangoni wanalijua. Nilihisi mwenyeji wangu amesimamisha pumzi. Nyuma ya pazia la wanawake kikombe kikalia kwenye kisahani.

"Ni mtu aliyenipokea nilipokuwa sina pa kulala," nikasema.

Nikaishia hapo.

Mzee akangoja. Aliniangalia, akamwangalia mwenyeji wangu, akaniangalia tena, na nikaona kwamba amesikia kile ambacho hakikusemwa. Alikuwa mtu wa kwetu. Shangazi ndiye aliyeokoa: akapiga kigelegele kirefu kutoka kwa wanawake, wengine wakamfuata, sinia likapelekwa ndani, pilau likaletwa. Posa ilikubaliwa.

Niliwarudisha Adelphi. Tulipofika, wanawake wakashuka, yeye akabaki kitini.

"Ungaliweza kuniaibisha leo," akasema. "Nakushukuru."

"Nimesema ulichonituma."

"Mimi ni mkubwa wako. Nilifanya kwa ajili ya nyumba. Wewe huna nyumba, hujui."

Nadhani hakukusudia kunichoma. Alikuwa anaeleza tu jambo analoliamini. Lakini kwa miaka yote ile mimi nilikuwa nikidhani ninayo, na kwamba ni ile yake.

"Uniombe radhi basi," nikamwambia. "Wewe mwenyewe. Usimtume mtu."

Akashika mkono wa mlango. "Kanzu utaweza kuivua peke yako?" akauliza.

Nikasema nitaweza. Akashuka. Niliivua kwa tabu, mbele ya kioo cha bafuni, ikachanika kwapani.

Wiki ile ile nilirudi ofisi ya jimbo, peke yangu. Yule mama akanikaribisha kwenye kiti kile kile. Akasema jambo lililofungwa kwa ombi la mwakilishi linaweza kufunguliwa kwa ombi la mwenyewe, ila safari hii ni lazima niseme mimi. Akanikumbusha tena yale ambayo jimbo haliwezi. Huenda wale wa serikali kuu wasijibu barua. Huenda wajibu kwamba hawana la kujibu. Nikamwambia nimeelewa.

"Anza popote," akasema.

Nikafungua mdomo, na maneno ya kwanza yaliyotoka yalikuwa kwamba asubuhi ile palitokea kutoelewana kidogo. Nilijisikia mwenyewe. Nikanyamaza, nikanywa maji, nikaanza upya. Nikasema nilivutwa kutoka garini nikiwa nimefungwa mkanda. Nikasema bega langu lilitoka mahali pake. Nikasema nilikuwa nimelala chini sijiwezi, na mtu akawa ananiambia niache kupigana. Nikasema sijamsamehe yeyote. Kusema hivyo kwa sauti, mbele ya mgeni, kulinitia haya kama mtu aliyevuliwa nguo, lakini nilimwona akiandika, na safari hii aliandika muda mrefu.

Mwisho akauliza, "Kuna mtu aliyeona?"

Nikaliona lile dirisha la jikoni. Nikaiona kanga kichwani, nikaisikia ile sauti, nikakumbuka kiatu kilichooshwa. Jina lake lilikuwa mdomoni mwangu, na anwani yake pia. Mumewe alikuwa ameliuza neno langu kumficha yeye. Mimi ningeweza kulinunua tena kwa kumtoa. Ingekuwa haki, kwa namna fulani.

"Yupo," nikasema.

"Unaweza kunipa jina lake?"

"Hapana. Akitaka atakuja mwenyewe. Mimi siwezi kumsemea."

Akaniambia, kwa upole, kwamba bila shahidi jambo langu litakuwa jepesi. Nikamwambia najua. Akaliweka faili upande wa yaliyo wazi.

Siku hizi nimehamia Sterling, karibu na kazi mpya niliyopata uwanja wa ndege. Nimekuwa nikihama hivyo tangu ujana, lakini hii ni mara ya kwanza nimehama bila mtu wa kuniuliza nafika saa ngapi. Kadi ya harusi ilikuja. Jina langu liliandikwa vizuri. Kila baada ya muda nampigia yule mama wa jimbo kuuliza kama wale wamejibu. Ananiambia bado. Kisha, kabla sijakata simu, namuuliza kama kuna mwanamke yeyote aliyekuja.

Ananiambia bado.